Kreti za Mboga Juu ya Ploti ya Pipeline: Je, Huduma ya Bustani ya Paa Inastahili Bei Yake?

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kutengeneza bustani juu ya paa la nyumba ya kupanga, ambayo kampuni kadhaa za Nairobi sasa zinaitangaza kwa wenye ploti, kama tunavyoyaita majengo ya vyumba vya kupanga, na kwa vyama vya wapangaji wa Eastlands. Yetu ilitengenezwa juu ya ghorofa ya saba katika mtaa wa Pipeline, Embakasi, kwa shilingi 96,000, nusu ikitoka kwa mwenye nyumba na nusu kwa michango ya wapangaji kupitia chama chetu. Kwa fedha hizo tulipata kreti 40 za plastiki zilizojazwa mchanganyiko wa kupandia, karatasi ya lami iliyotandikwa chini ya kila safu, mipira ya kumwagilia kwa matone, neti ya kivuli inayofunika robo ya paa, miche ya msimu wa kwanza, na ziara za fundi kwa miezi mitatu. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu vifaa vyenyewe vinauzwa na wengi kwa sura inayokaribiana sana, na kasoro nilizoziona ni za namna huduma hii inavyopangwa kuliko za duka moja. Uamuzi wangu nautanguliza: ningeinunua tena, ila kwa sababu tofauti kabisa na ile iliyochapishwa kwenye kijikaratasi chao cha matangazo.

Kijikaratasi hicho kinaahidi kwamba paa moja la ploti litawalisha wakazi wake mboga mwaka mzima, na kwamba fedha zitakuwa zimerudi kabla ya msimu wa pili kwisha. Tuifanye hesabu kwa kumpendelea muuzaji kadiri inavyowezekana. Tuchukulie kwamba kreti zote 40 zimepandwa sukuma wiki, miche sita katika kila kreti, kwamba hakuna mche uliokufa, na kwamba kila mche unachumwa majani matatu kwa wiki. Hayo ni majani 720. Mama mboga aliye chini ya ploti yetu hufunga majani kama 10 katika sukuma ya ishirini, kwa hiyo paa zima linatoa mafungu 72 kwa wiki, yenye thamani ya shilingi 1,440, ilhali ploti ina vyumba 84. Chumba kimoja, pamoja na watoto wake wote, hakipati hata fungu moja kwa wiki. Kurudisha shilingi 96,000 kwa mwendo huo kunachukua wiki 66 na ushei, na hapo maji hayajahesabiwa, wala wadudu, wala ule muda ambao miche ingali midogo na hakuna cha kuchuma. Sidharau mboga zenyewe, maana managu na terere zilizochumwa jioni na kuingia sufuriani jioni hiyo hiyo zina ladha ambayo soko la Wakulima haliwezi kuifikia. Ninachokataa ni kuuziwa kitoweo cha mara mojamoja kana kwamba ni shamba.

Kwa nini basi mtu apande juu? Anayeijua Pipeline hahitaji maelezo marefu. Majengo ya ghorofa sita, saba hata nane yamesimama yakitazamana kwa karibu kiasi kwamba mpangaji wa ghorofa ya kwanza huwasha taa saa sita mchana, na njia iliyo kati yao imejaa vibanda, mitaro na bodaboda. Hali hii si ya Pipeline peke yake. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ndogo ya Mathare ilionekana kuwa na karibu watu 69,000 katika kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa Nairobi nzima ulikuwa watu 6,200 na kitu. Bustani kubwa za umma ambazo jiji linajivunia, yaani Uhuru Park, City Park na msitu wa Karura, ziko upande wa pili wa mji, na kwa familia yenye watoto watatu nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya mlo. Ardhi ya chini imekwisha, na jua limebaki sehemu moja tu, nayo ni paa. Kwa hilo kampuni ililenga sawasawa.

Jambo la kwanza ambalo muuzaji yeyote wa huduma hii anapaswa kulijibu ni uzito, na hapa nilipata jibu la nusu. Mkazi wa Nairobi hahitaji kukumbushwa hatari yenyewe: usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa moja ya Huruma iliporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Slabu ya paa ambalo watu wanapita kwa kawaida huhesabiwa na wahandisi kubeba takriban kilo 150 kwa mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe, na hiyo ni kwa nyumba iliyojengwa kwa kufuata michoro. Udongo wa kawaida ukilowa hufika kilo 1,700 kwa mita ya ujazo. Kreti ya sentimita 60 kwa 40, ikijazwa udongo huo hadi sentimita 25, ina uzito wa kilo mia moja zinazokaa mahali padogo kuliko robo ya mita ya mraba, na ukizipanga kreti hizo zikigusana unakuwa umeipa slabu karibu mara tatu ya ilichotarajiwa kubeba. Gunia la mboga, ambalo tumelizoea na ambalo shirika la Solidarités International lililisambaza sana Kibera baada ya ghasia za mwaka 2008, ni baya zaidi kwa hesabu hii, kwa kuwa udongo wote umesimama juu ya duara dogo. Chini kwenye ardhi gunia halina mpinzani, lakini juu ya slabu silitaki, na ninashangaa kwamba baadhi ya wauzaji bado wanalipandisha.

Kampuni yetu ilitumia mchanganyiko wa vumbi la makumbi ya nazi kutoka Pwani, mboji, na yale mawe mepesi yenye vitundu yanayochimbwa upande wa Naivasha, na kwa hilo naipa alama za juu. Mchanganyiko huo ukilowa una takriban nusu ya uzito wa udongo wa kawaida, unashika maji vizuri, na haugandi kuwa tofali wakati wa kiangazi. Fundi alizipanga kreti juu ya mistari ya kuta na boriti, akaacha wazi katikati ya kila chumba ambako slabu hupinda zaidi, na akakataa katakata kuweka chochote karibu na tangi la lita 10,000, akieleza kwamba likijaa tayari lina tani kumi za maji. Huo ni ufundi. Ambacho hakikufanyika ni mhandisi kuziona nguzo na michoro kabla ya malipo. Fundi aligongagonga slabu kwa nyundo, akatazama nyufa, akaandika kitu kwenye daftari. Michoro mwenye nyumba alisema ipo kwa wakili wake, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa nyumba ya ghorofa saba yenye familia zaidi ya themanini, ukaguzi wa mhandisi aliyesajiliwa ulistahili kuwa ndani ya bei, hata kama bei ingepanda.

Kuhusu maji, kampuni ilitudanganya kidogo, au pengine ilijidanganya yenyewe. Tuliambiwa mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku ungetosha kreti zote. Eneo la kreti 40 ni karibu mita za mraba 10, na mimea iliyokomaa kwenye jua la Nairobi hunywa lita nne hadi tano kwa kila mita ya mraba kwa siku, tena juu kabisa ya jengo ambako upepo haupumziki. Hesabu inaleta mitungi miwili hadi miwili na nusu, na ndivyo ilivyokuwa. Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, na zamu ikiruka mtungi hununuliwa. Ulipofika mwezi wa pili mvutano ukazuka: inakuwaje nyanya zinywe maji ya tangi wakati ghorofa ya sita wanapanga foleni? Lilikuwa swali la haki, na hakuna mtu kutoka kampuni aliyekuwapo kulijibu.

Tulilitatua wenyewe kwa njia mbili ambazo sasa nadhani zilipaswa kuwa sehemu ya huduma tangu mwanzo. Ya kwanza ni kukinga mvua kwenye mabati madogo yanayofunika mlango wa ngazi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mabati ya mita 12 za mraba katika mvua ya milimita 20, ambayo si kitu cha ajabu mwezi wa Aprili, hutoa lita 240, zaidi kidogo ya pipa moja. Ya pili ni maji ya kusuuzia nguo. Maji ya kwanza yenye povu zito la sabuni huharibu mchanganyiko na kuunguza mizizi, lakini maji ya mwisho ya kusuuzia ni mazuri kwa maboga, karakara na ndizi za mapambo. Kwenye dania na vitunguu vya majani, vinavyoliwa vibichi, hatuyatumii. Bustani ya juu ya paa isiyo na pipa la mvua ni bidhaa ambayo haijakamilika, na mnunuzi asikubali kuambiwa pipa ni nyongeza.

Mipira ya matone ilikuja na tanki dogo la kuning'inizwa na haihitaji stima, jambo ninalolisifu. Kampuni ilikuwa na kifurushi cha juu chenye mabomba ya plastiki yanayozungushiwa maji ya mbolea kwa pampu, bila udongo wowote. Tulikikataa. Mtaani ambako tokeni za stima hununuliwa za shilingi hamsini, pampu inayotakiwa kuzunguka mchana kutwa itazimwa mwezi wa kwanza, na mimea ya aina hiyo ikikosa maji kwa mchana mmoja wa Februari hainyanyuki tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijikaratasi hakikulitaja hata kwa neno moja, nalo ndilo lililonifanya niiheshimu huduma hii. Paa la ploti lilikuwa na kazi kabla ya bustani: ni mahali pa kuanika nguo. Na kwa kuwa nguo zilizoanikwa juu huibiwa, kina mama na wasichana wa ploti hukaa huko saa nzima au mbili wakizilinda, wakiwa wamejibanza kwenye kivuli cha tangi na kukisogelea kadiri jua linavyogeuka. Mchoro wa kwanza wa kampuni uliondoa kamba nne kati ya kumi ili kupata nafasi ya safu za kreti. Kama ungepita, bustani ingekufa ndani ya wiki, na wauaji wangekuwa na haki yao. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu ndiye aliyelipinga wazo hilo kwenye mkutano, akiwa na beseni kiunoni, akamwonyesha fundi kwa kidole mahali shuka linapofika likipeperuka na mahali mtoto wake anapolala wakati yeye anasubiri nguo zikauke. Fundi, kwa sifa yake, alisikiliza. Kamba zilibaki zote, kreti zikahamia kandokando, na neti ya kivuli, iliyokuwa imekusudiwa kuikinga spinachi, ikafungwa juu ya sehemu ya kukaa.

Matokeo yake ni kwamba waliokuwa walinzi wa nguo wakawa watunzaji wa bustani bila mtu kuwateua. Mikono iko pale, muda uko pale, na kung'oa gugu au kusogeza mpira ulioziba ni kazi ya dakika wakati kanga inakauka. Kampuni ilikuwa imependekeza tuajiri kijana wa kumwagilia kwa mshahara, jambo ambalo lingemaliza akiba ya chama kabla ya masika. Jioni watoto hufanyia kazi za shule chini ya neti ile, kwa kuwa mwanga wa juu unadumu kuliko wa vyumbani, na wazee wawili wa ghorofa ya kwanza, ambao nilizoea kuwaona wameketi kwenye ngazi wakiwapisha watu, sasa hupanda taratibu na kukaa huko hadi keateka anapokuja kufunga mlango. Hakuna kilichopimwa kwa kilo hapo. Hata hivyo, ningelazimika kukadiria thamani ya shilingi zetu 96,000, sehemu kubwa ningeiandika kwenye mita chache zile za mraba zenye kivuli na viti vya plastiki.

Faida ya pili ambayo haikutangazwa ni ya joto. Mimi ninakaa ghorofa ya juu kabisa. Slabu ya zege hunywa jua kuanzia asubuhi na kulirudisha chumbani usiku, hivyo Januari na Februari mtu hulala akiwa amefungua mlango na kuwakaribisha mbu. Kreti zetu zimesimama juu ya vipande vya mbao, zikiacha upenyo wa hewa kati yake na slabu, na majani yenyewe hupoza yanapopumua maji. Saa tatu usiku nikisimama kitandani na kuweka kiganja kwenye dari, sehemu iliyo chini ya neti na kreti ni vuguvugu, na hatua mbili mbele, chini ya slabu tupu, bado inachoma. Jirani aliye mkabala, ambaye juu yake hakuna kitu, alikuja kuijaribu dari yangu kwa mkono wake, akarudi kwake bila kusema neno, na kikao kilichofuata cha chama akawa wa kwanza kuomba neti iongezwe. Niseme ukweli mzima: mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi ya mawingu, chumba changu kilikuwa na ubaridi kuliko zamani, na nilinunua blanketi.

Jiji la Rio de Janeiro limelitazama jambo hili kwa mpangilio ambao kampuni zetu zingefaa kuuiga. Katika mtaa wa mabanda (favela) wa Arará, Luis Cassiano alianza na paa la nyumba yake mwenyewe kwa sababu ya joto, akaanzisha mradi wa Teto Verde Favela, akisaidiwa na mtafiti Bruno Rezende. Mapaa ya mitaa ile mengi ni ya vigae vyembamba vya saruji yasiyoweza kubeba udongo, kwa hiyo wao hutandika nailoni ya kuzuia maji, kisha kitambaa kizito cha nyuzi za poliesta, na humo hupachika mimea inayovumilia kiangazi. Hakuna anayeahidiwa kabichi. Anayeahidiwa kitu anaahidiwa chumba kinacholalika, na ahadi hiyo inatimizwa kwa uzito mdogo na maji machache kuliko yetu. Vyumba vya ploti za mabati za Mukuru na Mathare, ambavyo kamwe haviwezi kubeba kreti, vingehitaji huduma ya aina hiyo, na mpaka sasa sijaona kampuni ya hapa inayoiuza.

Kasoro iliyoniuma binafsi ni uvujaji. Mvua za masika zilipokolea, duara la rangi ya chai liliota kwenye dari yangu, likapanuka hadi ukubwa wa sinia, kisha likaanza kudondosha maji juu ya godoro. Fundi alipokuja alinyanyua kreti moja baada ya nyingine hadi akafika kwenye tundu la kutolea maji ya paa, akaingiza kidole na kuvuta kitu kama nywele zilizokwama kwenye bafu: ni nyuzi za makumbi zilizochukuliwa na maji na kujisokota humo. Maji yalikuwa yamesimama, yametafuta ufa, na ufa uliyaongoza hadi kwangu. Dawa yake ilikuwa kipande cha wavu wa mbu kilichofungwa juu ya tundu na kreti ya karibu nalo kuhamishwa, kazi isiyofika gharama ya shilingi mia mbili. Kampuni ilirekebisha bila malipo, lakini dari haikupakwa rangi na godoro lilikuwa shauri yangu. Ile karatasi ya lami iliyotandikwa chini ya safu, ambayo kwenye ankara ilichukua fungu zuri la fedha, haikuwa na msaada wowote hapo, kwa sababu iliishia ukingoni mwa safu wakati maji hayajui safu inaishia wapi.

Wadudu tuliwapata wa kawaida. Vidukari waliishambulia sukuma katika wiki za ukavu, wakashindwa na maji ya sabuni kidogo yaliyonyunyizwa chini ya majani. Ndege walikula miche ya mwanzo. Kunde, managu na maboga hayakuhitaji bembelezo, nyanya zilihitaji kila kitu na zikatoa haba, na mkarakara uliopandishwa kwenye waya ndio mmea ninaoupendekeza kuliko yote, kwa kuwa kreti mbili zake zimetengeneza kivuli kinachoshindana na neti iliyonunuliwa.

Ukuta wa ukingoni ni suala ambalo sitalipitia haraka. Kwenye paa letu unafika kiunoni mwa mtu mzima wa kimo cha wastani, na kreti za kwanza zilipangwa zikiuegemea, yaani mtoto wa miaka mitano alikuwa amewekewa ngazi ya kupandia. Hili liligunduliwa na mpangaji baada ya kazi kukabidhiwa na picha kupigwa. Kreti zilisogezwa ndani na mwenye nyumba akalazimika kulipia wavu wa chuma wa kuinua ukingo. Huduma inayowaalika watoto kwenye paa la ghorofa ya saba inapaswa kuanza na ukingo, kabla ya mche wa kwanza kununuliwa, na kampuni isiyouliza urefu wa ukuta huo katika ziara yake ya kwanza ninashauri isiruhusiwe kufanya ya pili.

Limebaki suala la nani mwenye paa. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya Kukuza na Kudhibiti Kilimo cha Mjini, ya mwaka 2015, iliutoa ukulima wa jijini kwenye kundi la mambo ya kuficha, lakini haiwezi kumlinda mpangaji dhidi ya mipango ya mwenye nyumba. Juu ya nguzo za ploti yetu nondo zimechomoza karibu urefu wa mita moja, zimepinda na kushika kutu, na kila mtu anajua maana yake: siku fedha zikipatikana, kutakuwa na ghorofa ya nane. Bustani iko pale kwa hisani ya benki ambayo bado haijatoa mkopo. Kwa mtazamo huu kreti ni chaguo la busara kuliko vitanda vya kujengewa, kwani zinabebeka, na kwenye makubaliano yetu tuliandika kwamba nusu yake ni mali ya chama, itakayohamishwa chama kikihama. Tuliomba pia iandikwe kwamba kodi haitapandishwa kwa kisingizio cha bustani. Mwenye nyumba alicheka, akatia saini kifungu cha kreti, na cha kodi akakiacha wazi. Tangu hapo tangazo la chumba kilicho wazi, lililobandikwa langoni, limeongezewa maneno kuhusu sehemu ya kupumzikia juu, na bei yake imezidi ya vyumba vya zamani kwa shilingi mia tano. Ninaitaja hapa kwa sababu mnunuzi akiwa ni mpangaji anafaa kujua kwamba anachangia kupendezesha nyumba ambayo huenda baadaye ikamwia ghali.

Kwa anayefikiria kununua, hivi ndivyo ningetumia shilingi zile zile 96,000 leo. Ningepunguza kreti hadi 20, hasa za kunde, managu na karakara, na fedha zilizobaki ningezielekeza kwenye neti inayofunika nusu ya paa, pipa mbili za mvua zenye mfuniko, wavu wa ukingo, na siku moja ya mhandisi. Kifurushi cha kampuni hakiruhusu kubadilisha vitu hivi, lakini fundi wao anaruhusu, ukizungumza naye kabla ya ankara kuandikwa. Ningedai ziara za matengenezo zihesabiwe kwa misimu badala ya miezi mitatu mfululizo: moja kabla ya masika ili matundu ya maji yakaguliwe, moja katikati ya mvua, na moja mwanzoni mwa kiangazi wakati mipira ya matone huziba. Malipo yagawanywe vilevile, na awamu ya mwisho, isiyopungua robo ya bei, ibaki kwa mhazini wa chama hadi mvua kubwa ya kwanza ipite na mpangaji wa ghorofa ya juu athibitishe kwa maandishi kwamba dari yake ni kavu.